Mawe Manne

Mjomba alirudi kutoka Dubai mwaka 1992, siku nne kabla ya Idi ndogo, na begi ambalo mimi na kaka yangu hatukuweza kuliinua hata tulipolishika kila mmoja upande wake. Walioliingiza ndani ni mahamali wawili wa bandarini Wete, na mmoja wao aliuliza kama Mjomba ametia mtu mzima humo.

Lilifunguliwa ukumbini baada ya tarawehe, kwa mpangilio ambao kila aliyewahi kupokea mgeni wa Ghuba anaujua: wakubwa kwanza. Bibi alipata redio. Ilikuwa ndogo, ya kuingia kwenye mkoba, yenye antena ya kuvuta, na ilikuja kushika nafasi ya redio kubwa ya babu iliyokuwa kimya tangu babu mwenyewe alipofariki. Mama akapata vitambaa na udi, baba akapata saa. Sisi tulikaa mkekani tukijifanya hatungoji kitu. Mwisho kabisa, kutoka katikati ya mashati, Mjomba akatoa boksi. "Hili lenu nyote wawili. Msigombane."

Tuligombana papo hapo, lakini kwanza tulinyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na sikuwahi kushika kitu kama kile. Kilikuwa na rangi ya friji kuukuu, kijivu kinachotaka kuwa cheupe. Vibonyezo viwili vya rangi ya zambarau iliyoiva upande wa kulia, msalaba mweusi upande wa kushoto, na chini pembeni mistari sita iliyokatwa mshazari, pa kutokea sauti. Kona moja ilikuwa imeviringwa zaidi ya nyingine tatu, kama sabuni iliyotumika upande mmoja. Kilikuwa kizito. Uzito ule ulituambia kwamba si kitu cha kuchezea tu.

Mjomba akasukuma swichi ya juu. Neno moja likateremka polepole kwenye kioo, likasimama katikati, na kikatoka kimlio cha noti mbili. Kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka mitatu na mjuzi wa kila jambo, akainama akatazama, akainua kichwa.

"Mbona halina rangi?"

Lilikuwa swali la haki. Ni lazima nieleze hapa, kwa wale waliozoea kudhani kwamba visiwani kila kitu kilichelewa: Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Kwa jirani yetu tulikuwa tumeshaona rangi. Na sasa Mjomba katoka Dubai, mji wa kila kitu kipya, na kioo chenye kijani cha manjano kama maji ya bonde la mpunga, na vivuli vinavyojikokota nyuma ya kila kinachosogea.

Bibi hakuangalia kioo. Alinyoosha mkono, akalipima gemu kiganjani kama anavyopima papai, akaligeuza, akatafuta kwa dole gumba mpaka akakipata kifuniko cha nyuma. Akakifungua.

"Linakula mawe manne," alisema. "Kwa muda gani?"

Mjomba hakujua. Bibi akamtazama kama mtu aliyenunua mbuzi bila ya kumkagua meno. Kisha akauliza, "Na hii si kamari?"

"Si kamari, mama. Ni matofali tu."

Miaka mingi baadaye nilipoanza kusoma historia ya kile kitu, Game Boy la kampuni ya Nintendo, niligundua kwamba katika usiku ule mmoja, kwenye ukumbi wa nyumba ya Wete, yaliulizwa maswali matatu ambayo dunia nzima ilikuwa imeyauliza. Na kwamba aliyeuliza kama fundi alikuwa Bibi.

Anza na la kamari. Nintendo ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 kutengeneza karata za hanafuda, na wateja wake wazuri wa zamani walikuwa wacheza kamari. Mwaka 1965 iliajiri kijana aliyesomea elektroniki, Gunpei Yokoi, na kazi aliyopewa haikuwa ya kubuni chochote. Alitakiwa kuziangalia mashine za karata zisisimame. Zilipokuwa hazisimami alichoka kukaa, akajitengenezea mkono wa vijiti vinavyorefuka na kufupika, wa kushikia vitu vya mbali. Mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alimkuta nao. Badala ya kumfukuza alimwambia autengeneze uuzwe. Uliuzwa mwaka 1966, ukapita milioni moja, na fundi wa karata akawa mbunifu wa vitu vya kuchezea. Kwa hiyo Bibi hakukosea kuinusa kamari. Alikosea karne tu.

Swali la rangi ndilo lililoulizwa zaidi. Game Boy lilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989 na likauzwa Marekani kuanzia mwisho wa Julai kwa dola 89.99. Mwaka huohuo Atari ikatoa Lynx, lenye kioo cha rangi na taa yake ndani. Mwaka uliofuata Sega ikatoa Game Gear, nalo la rangi na taa. Ukiyaweka matatu juu ya kaunta ya duka, la Nintendo lilionekana masikini: vitone 160 kwa 144, vivuli vinne vya rangi moja, hakuna taa. Mtu yeyote mwenye macho angejua atakayeshinda. Angekosea. Lynx lilitaka betri sita likazimaliza kwa saa nne au tano. Game Gear nalo sita, muda ni uleule. Game Boy lilitaka nne, likaenda kiasi cha saa 15, na ukilichunga zaidi ya hapo.

Haikuwa bahati. Yokoi alikuwa na falsafa yake, ambayo yeye mwenyewe aliipa jina linalozungumzia teknolojia iliyonyauka. Maana yake ni hii: usikimbilie kilichotoka jana. Chukua kilichozoeleka, kilichokwisha kuwa rahisi, ambacho udhaifu wake wote unajulikana, kisha kitafutie kazi ambayo hakuna aliyekifikiria nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amefanya hivyo kwa vioo vya kikokotoo. Alimwona abiria kwenye treni akibonyeza kikokotoo kwa kuchoka tu, akawaza kitu kidogo cha kupotezea muda, na kikatoka Game & Watch. Game Boy lilikuwa ndugu yake mkubwa. Inasimuliwa kwamba wenzake walipomletea habari ya mshindani mpya, aliuliza jambo moja tu, kama ni la rangi. Alipoambiwa ndiyo, akatulia.

Nikisoma habari hiyo namwona Bibi na dole gumba lake. Watu wa magazeti walianzia mbele, kwenye kioo. Bibi alianzia nyuma, na Yokoi pia alianzia nyuma.

Lakini Yokoi alikuwa akifikiria mtoto ambaye betri zikiisha anapewa nyingine. Kwetu hesabu ilikuwa tofauti kidogo. Pemba ya wakati ule ilipata umeme wa majenereta ya dizeli, pale dizeli ilipokuwepo. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulikuja kuwashwa mwaka 2010. Mtaa mzima uliishi kwa fanusi, kibatari na mawe. Mawe yalinunuliwa mawili mawili, wala hayakutupwa yalipoisha. Yaliyochoka yalianikwa juani juu ya bati, kama dagaa, na yakirudi ndani yalitoa nusu saa nyingine. Yakichoka tena yaling'atwa. Sijui aliyegundua kwamba jiwe la redio likiumwa kwa magego linapata roho ya dakika chache, lakini nyumba yetu ilijaa mawe yenye alama za meno, na ukiyaangalia vizuri ungeweza kujua ni meno ya nani.

Bibi alikuwa na mpango wake. Mawe yake ya redio aliyachora alifu moja kwa ncha ya msumari, mstari mmoja wima kwenye ganda, yasichanganyike na ya nyumba. Redio aliifungua mara mbili kwa siku. Asubuhi kwa habari na matangazo ya vifo, usiku kwa habari na taarabu moja, mara chache mbili. Kisha aliizima na kuifunga kwenye kitambaa.

Matangazo ya vifo yanahitaji maelezo, maana msomaji wa leo ana simu. Mtu akifariki kisiwani, na maziko yetu hayasubiri, familia ilipeleka habari redioni. Jina lilisomwa, na jina la baba, mahali na saa ya maziko, kisha orodha ndefu ya wale ambao habari ziwafikie popote walipo: walioko Wete, walioko Chake, walioko Mkoani, walioko Unguja. Mtu aliyetajwa alivaa akatoka. Hakuna aliyetumwa mlangoni kwake, kwani redio ilikuwa imeshamfikia.

Kuhusu gemu lenyewe. Lilikuja na kaseti moja, Tetris. Ndiyo iliyofungwa ndani ya boksi lililouzwa Marekani, na bila shaka boksi letu lilikuwa limezunguka sana kabla ya kufika duka la Dubai. Lilikuwa pia na waya wa kuunganishia gemu mbili ili watu wawili washindane, na kwa kuwa Wete nzima lilikuwepo moja, mama aliutumia kufungia chandarua. Matofali yalianguka, ukayageuza, ukayapanga, mstari ukijaa unafutika. Hakuna mtu wa kumpiga, hakuna mahali pa kufika. Unajenga ili kile ulichojenga kitoweke, na ukikosea ndipo jengo linabaki. Kaka alilichoka baada ya mwezi. Mimi sikulichoka.

Tetris ilibuniwa Moscow katikati ya miaka ya 1980 na Alexey Pajitnov, mtafiti katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Urusi ya Kisovieti. Ilitoka nchini mwake kwa diski zilizonakiliwa mkono kwa mkono, ikauzwa na watu ambao hawakuwa na haki ya kuiuza kwa watu ambao hawakuuliza. Mwezi Februari 1989 mfanyabiashara Henk Rogers aliruka hadi Moscow bila ya mwaliko, akaenda kubisha kwenye shirika la serikali lililosimamia mauzo ya programu, na akatoka na haki za kuitia kwenye gemu la mkononi. Pajitnov mwenyewe alianza kupata fungu lake mwaka 1996. Mpaka hapo dunia ilikuwa imeshapanga matofali yake miaka kumi.

Na muziki wake! Wimbo ule uliotutia wazimu sote nyumbani ni wa Kirusi, wa karne ya 19, na unahusu mchuuzi anayetembea na sanduku la vitambaa akiwauzia wasichana vijijini. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu Mjomba alikuwa nani kama si huyo? Alikwenda Ghuba mwishoni mwa miaka ya 1980, bei ya karafuu ilipokuwa imeanguka na Pemba, kisiwa chenye mikarafuu mingi zaidi Zanzibar, imebaki na harufu tu. Kule alifanya kazi ghalani, na kila likizo alirudi na begi. Njia yenyewe ni kongwe. Majahazi ya Ghuba yalikuwa yakija na tende na kurudi na boriti za mikoko, na nyumba za kale za Dubai ziliezekwa kwa boriti zilizokatwa pwani yetu. Tangu mwaka 1984 milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa, na hasa katika enzi za Mzee Rukhsa, mabegi yakachukua nafasi ya majahazi. Nchi ambayo mwaka 1974 ilikataza kuingizwa kompyuta sasa ilizipokea kimyakimya, zikiwa zimefungwa ndani ya mashati. Maana kile kilikuwa kompyuta. Hatukujua, na bila shaka forodhani nao hawakujua.

Halikuwa na taa, kwa hiyo usiku nililazimika kukaa karibu na fanusi, na fanusi ilikuwa ya Bibi. Hivyo ndivyo tulivyokaa zaidi ya mwaka mmoja: yeye na redio upande huu, mimi na gemu upande ule, kila mmoja akiinamia kifaa chake, mwanga umewekwa katikati. Nililiinamisha mpaka kioo kikashika mwanga bila ya kung'aa. Kushoto mwa kioo palikuwa na taa nyekundu ndogo. Mawe yakiwa mazima iliwaka kama kaa, yakichoka ilififia, na ilipofifia nilijua nina dakika ngapi. Nilijifunza kuisoma taa ile kabla sijajifunza kusoma saa ya baba.

Ilikuwa mwaka 1993. (Mwaka huo mwanaanga wa Urusi, Aleksandr Serebrov, alichukua Game Boy lake akaenda nalo kwenye kituo cha Mir, likaizunguka dunia mara maelfu. Sijui kwa nini habari hii hunifariji.) Usiku mmoja taa ilififia nikiwa na alama nyingi kuliko nilizowahi kupata. Nilizima sauti kuokoa mawe. Nilipunguza weusi wa kioo. Haikusaidia, likazimika na alama zikapotea, kwani kaseti ile haikuhifadhi chochote. Bibi alikuwa amelala. Redio ilikuwa ndani ya kitambaa chake, na ndani ya redio mawe manne madogo, kipimo kilekile.

Nilisema nitacheza mara moja tu. Nilicheza mpaka majogoo. Asubuhi, kabla hajaamka kwa sala, niliyarudisha mawe yake mahali pake, alifu zikitazama juu kama nilivyozikuta, na nikaenda skuli.

Bibi alifungua redio saa ya matangazo. Ilitoa mkwaruzo, ikanyamaza. Alidhani mawe yamekwisha, jambo la kawaida, akayatoa akayaanika juu ya bati.

Nilirudi saa saba mchana. Baba alikuwa Unguja, mama kwenye mpunga. Bibi alikuwa mkekani akichagua mchele. Akaingia jirani yetu na buibui lake, amekuja kuiangalia nyumba, kwa kuwa alijua wenyewe hawapo. Alipomwona Bibi alishika kizingiti.

"Wewe bado upo?"

Aliyefariki alikuwa mdogo wake Bibi, tuliyemwita Bibi wa Konde. Jina lake lilikuwa limesomwa saa moja asubuhi, na jina la Bibi katika orodha, wa kwanza wa walioko Wete. Maziko baada ya adhuhuri. Mtaa mzima ulidhani ameshaondoka. Kwetu wanawake hawaendi makaburini, wanachofanya ni kumuosha maiti wa kike, kumkafini na kumuaga, na katika waoshaji dada ndiye wa kwanza kutajwa. Bibi alikuwa ameosha mama yake, dada zake wawili na wanawake wa mtaa ambao siwezi kuwahesabu. Alifika Konde alasiri. Watu walikuwa wamesharudi na majembe.

Alikaa huko mpaka khitma ya siku ya tatu. Aliporudi aliyateremsha mawe kutoka juu ya bati, akayapima kiganjani, akayatia redioni. Hakunitazama, au nilitaka iwe hivyo. Gemu nilikuwa nimelifunga kwenye fulana na kulitia chini ya kitanda. Nilipolitoa tena, mvua mbili baadaye, chumvi ya kisiwa ilikuwa imekula vyuma vya pale mawe yanapokaa na halikuwaka. Mjomba hakuleta jingine. Alileta feni.

Yokoi aliondoka Nintendo mwaka 1996, na Oktoba mwaka uliofuata alifariki katika ajali ya barabarani akiwa na miaka 56. Mashine aliyoibuni, pamoja na ile ya rangi iliyokuja baadaye, iliuzwa zaidi ya milioni 118. Moja ya hizo iko bado Wete, kwenye mkebe wa biskuti, pamoja na waya wa chandarua.

Nilimwambia Bibi mwaka 2004. Alikuwa hatoki tena kitandani, na redio yake, nyingine sasa, ya kuchomeka ukutani, ilikuwa ikizungumza peke yake. Nilimweleza yote, mawe, alifu, majogoo. Alisikiliza huku akiniangalia kama anavyoangalia mchele.

"Mume wangu," alisema, kwa utani wake wa siku zote, "hata ningesikia, gari gani la Konde ningelipata saa ile?"

Nilikubali. Nilikuwa na miaka 22 na nilitaka sana kukubali. Magari ya Konde yalikuwa yakianza kupakia baada ya sala ya alfajiri, chini ya mwembe, karibu na soko. Bibi ndiye aliyekuwa akitupeleka huko kila Idi, na kila Idi alitugombeza njia nzima tuwahi la kwanza.